Pole ya Mama Uwanjani

Kituo cha treni cha Laurel, hapa Marekani, leo kimenukia karanga za kuchoma, nami kimawazo nikarudi utotoni, kwenye viti vya juu vya uwanja wa besiboli, katikati ya baba na mama. Mpigaji niliyempenda kuliko wote alikuwa anastaafu siku hiyo, muda mfupi baada ya kukutwa na dawa za kuongeza nguvu. Nyuma yetu watu walimzomea. Mbele yetu mzee mmoja alipiga makofi huku analia. Mimi nilikalia mikono yangu, nikiogopa kukosea.

"Mwizi tu huyo," baba alisema. "Usimpigie makofi."

Mama, ambaye hata sheria za mchezo hakuzijua, alisimama. Alimtazama yule mtu akivua kofia peke yake kwenye nyasi, akasema kwa sauti yake ya msibani, "Umekosa, mwanangu. Lakini pole. Pole sana."

"Kwani anasikia Kiswahili?" baba aliuliza.

"Nimeshampa pole yake."

Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kupewa yote mawili kwa pumzi moja. Nikasimama, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Baba alinitazama, kisha akaushika mkoba ambao mama aliuacha kitini, usianguke.