Majani ya Chini ya Mibuni

Jumapili iliyopita nilikuwa Njiro kwa mdogo wangu. Binti yake anayesoma chuo alikuwa ananibandua mbegu za kishonanguo kwenye khanga, huku akinieleza kwamba jani la gugu lile lina kemikali zinazoua bakteria. Waliliweka kwenye kisahani huko maabara, vijidudu vilivyolizunguka vikafa. Sijui kama naeleza sawasawa, mimi niliishia darasa la saba. Ila palepale mdomo ulinijaa ladha ya sarafu kuukuu.

Bibi yetu, mzaa baba, kule mlimani Meru, hakuwa na kisahani. Ukijikata alilitafuna jani kwa meno yake mwenyewe, akalitemea kwenye jeraha, kijani chenye mapovu kinachowasha mpaka machozi, kisha akafunga kwa kamba ya mgomba. Sharti lilikuwa moja tu. Uchume juu kando ya mfereji, usichume chini ya mibuni, kwa sababu mibuni ilipigwa mrututu, ile dawa ya bluu ya kuzuia ukungu, nayo ni sumu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipoanza. Mdogo wangu alijikata panga mguuni akikata majani ya ng'ombe. Siku hiyo bibi alikuwa anaumwa jino, akanituma nichume na nitafune mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, utelezi mtupu, mfereji mbali. Nikachuma chini ya mibuni. Nilipotafuna nikasikia ladha ya chuma.

"Mbona umekunja uso?" bibi akaniuliza.

"Ni machungu tu, bibi."

Nikatema kwenye jeraha.

Siku ya nne mguu ulivimba, ukaanza kunuka. Baba akakimbilia mjini, ambako maduka ya dawa yalikuwa yanafunguliwa kila kona, akarudi na vidonge vya rangi mbili. Akavipasua, akanyunyiza unga juu ya kidonda, maana ndivyo watu walivyokuwa wakifanya. Hospitali tulienda baadaye. Mguu ulipona, lakini mdogo wangu anachechemea hadi leo. Nisimwonee mtu, hata mimi mwenyewe: labda lilikuwa panga lenye samadi, labda tulichelewa. Sijui.

Ninachojua ni kwamba baba alimwambia mama yake mbele yetu, "Mama, majani yako yasiwaguse tena wanangu." Bibi alinitazama kidogo, akaenda kumnywesha ng'ombe. Majirani waliokuwa wakimletea watoto wakaacha kuja. Naye akawa anaking'oa kishonanguo hata cha kando ya mfereji.

Sasa bibi yuko kaburini, baba pia. Mfereji umekauka, mibuni ilishang'olewa, pamepandwa nyanya. Ukipita pale leo hutajua kwamba palikuwa na mtu aliyeaminiwa.

Jumapili ile mdogo wangu alimsikia binti yake, akacheka, akajipiga kwenye ule mguu. "Mwulize shangazi yako majani ya bibi yalinifanya nini."

Binti akanigeukia, mbegu mkononi, akasubiri.

"Yalikuwa machungu tu," nikasema.