Vidonge vya Obwocha Vilivyopumzika Sabato

Mwanangu Obwocha aliezeka mabati nusu ya kijiji cha Nyacheki, na paa la jiko langu lilikuwa limebaki upande mmoja alipoanguka. Hakuanguka kutoka juu, Mungu alimhurumia. Alikuwa chini akinywa uji.

Kliniki ya Ogembo nilimsindikiza mimi, maana nilimaliza darasa la saba na sisahau neno. Daktari alisema kifafa ni cha namna nyingi: kuna cha kuganda tu macho wazi, kuna kinachoanzia mkono mmoja, na dawa ya hiki yaweza kukizidisha kile. Akataka aliyeshuhudia. Nyamusi, mke wa Obwocha, akaonyesha kwa mwili wake, akianzia mkono wa kushoto, vizuri sana, mpaka muuguzi akamletea kitanda.

Daktari akampa Obwocha vidonge vya kabamazepini, asubuhi na jioni. "Na ngazi usiiguse mpaka umalize mwaka bila kuanguka."

Basi Nyamusi akapanda juu ya jiko langu, mumewe akielekeza kwa fimbo.

"Mama Mokua, msumari huo umelala."

"Nimeuona, Baba Mokua. Na wewe lala."

Lakini kila Jumapili Obwocha alianguka, na mwaka ukaanza kuhesabiwa upya. Jirani yetu Onchiri akasema ni kengele ya Wakatoliki. Wakatoliki wakaombwa waipige polepole, wakaipiga polepole. Akaanguka vilevile.

Nikavihesabu vidonge. Kila juma vilizidi viwili.

"Obwocha, Jumamosi humezi?"

"Ni Sabato, Mama. Vimefanya kazi siku sita, navyo vipumzike."

"Na ndizi unakula Sabato?"

"Zile hupikwa Ijumaa."

"Hivi navyo vilipikwa zamani, kiwandani. Ni kumeza tu."

Akafikiri mpaka uji ukapoa. Sabato iliyofuata kidonge kiliwekwa kwenye sahani, nyumba nzima ikafumba macho, kikaombewa kama chakula, kikamezwa.

Mwaka ulipoisha bila kuanguka, daktari akamruhusu. Obwocha alimkuta Nyamusi juu ya paa la Onchiri.

"Shuka, nimeruhusiwa."

"Wewe umeruhusiwa kupanda. Mimi sijaambiwa nishuke."

Akapanda upande wa pili. Sasa huezeka kila mmoja akianzia pembeni kwake, na wakikutana katikati Nyamusi humwuliza kama amemeza. Akichelewa kujibu, humwondolea nyundo.