Geji za Jumapili

Chuma kikitobolewa kina harufu yake. Si ya moshi, si ya kutu. Ni kama damu ukijiuma ulimi, imechanganyika na oili iliyoungua zamani. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeketi mlangoni kwangu hapa Mwihoko nikichagua maharagwe, harufu hiyo ikanijia kutoka uani. Nikaweka ungo chini.

Ni mjukuu wangu Karanja aliyekuwa akitoboa lori yake. Ni lori kuukuu ya dizeli, imemzidi umri, na aliinunua dashibodi ikiwa imekufa: mshale wa joto umelala, wa oili umelala, wa spidi unayumba kama mlevi. Sasa alikuwa amepata geji mpya na anazifunga mwenyewe. Huyo kijana namwita mume wangu, kwa sababu amebeba jina la babu yake, naye hunijibu "sema, mke wangu" bila aibu, hata mbele ya wapangaji. Lakini siku hiyo sikumtania. Moyoni nilikuwa nimerudi Thika, ni msichana mdogo, na baba yangu amepiga magoti ndani ya lori yake akitoboa ukuta wa chuma kama huo, ule unaotenganisha injini na dereva.

Baba alibeba mawe ya kujenga. Aliyatoa machimboni nje ya Thika akayapeleka Ruiru, na wakati mwingine mbele zaidi. Lori yake ilikuwa imepita mikono mingi kabla ya kumfikia, na ndani yake hapakuwa na geji iliyosema ukweli. Aliendesha kwa sikio na kwa mguu. Alivua kiatu cha kushoto, akaweka unyayo kwenye bati la chini, na joto likizidi alijua injini inataka maji. Wenzake walimwita Kiatu Kimoja. Nyumbani tulikuwa tunacheka pia, maana kiatu cha kushoto kilibaki kipya na cha kulia kimeisha kisigino.

Siku moja unyayo ukamdanganya. Injini ilichemka kwenye mlima ikaharibika, na lori ikalala nyumbani mpaka tukasahau ladha ya sukari. Alipofaulu kuitengeneza, alisema hataendesha tena kama kipofu. Akatafuta kwa wauza vyuma vya zamani pale mjini, akapata geji mbili, moja ya joto na moja ya oili. Alizileta zimefungwa kwa kitambaa kama mayai.

Shida ilikuwa siku. Jumatatu mpaka Jumamosi lori iko kazini. Machimbo yalifungwa Jumapili peke yake, na Jumapili kwetu haikuguswa. Maji yalichotwa Jumamosi, kuni zilipasuliwa Jumamosi, hata shati la kanisa lilipigwa pasi Jumamosi. Kanisa letu lilikuwa kali. Baba akamwambia Mama kwamba atafunga geji Jumapili. Ilipofika asubuhi Mama alifunga kitambaa kichwani, akachukua wadogo zangu, akaenda. Mimi nilikuwa na homa, nikaachwa.

Kwa hivyo niliona kila kitu, nimejifunika blanketi pale kwenye nyasi.

Geji ya oili ya siku hizo haikuwa ya waya. Ilikuwa na mrija wa shaba, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Mrija unatoka kwa injini, unapita kwenye tundu la ule ukuta wa chuma, unaingia ndani mbele ya dereva. Na ndani ya mrija inapita oili yenyewe, ikiwa moto. Oili ikisukuma, mshale unapanda. Baba alinieleza hayo yote kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Alikuwa na furaha. Alifanya kazi huku akiimba wimbo wa kanisa, nafikiri ili Mungu asikasirike sana.

Alipomaliza kutoboa, alikaa kwenye ngazi ya lori, akachukua tyubu ya zamani ya gurudumu na wembe. Akakata kipande, akakikata tena, polepole, mpaka kikawa kipete cheusi chenye tundu katikati. Akakiweka juu ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, karibu na mkono wake.

Ndipo wazee wa kanisa wakaingia, wamevaa suti. Mama alikuwa nyuma yao, anatazama chini. Mkubwa wao, Mzee Ezekieli, hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Baba Nyambura," akasema, na huyo Nyambura ni mimi, "tumeimba bila wewe. Tunarudi kusikia neno. Utatembea na sisi, ama niwaambie watu umechagua chuma?"

Baba aliomba angojewe kidogo, amalize kufunga.

"Sisi hatuna haraka," Mzee Ezekieli akasema. "Anayengojeshwa si sisi."

Nafikiri hayo Baba angeyavumilia. Lakini Mama naye akafungua mdomo. "Twende tu, Baba Nyambura. Watu wote wananiangalia."

Baba akageuka upesi. Akapitisha mrija kwenye tundu, akakaza nati ya huku, akakaza ya huko, akawasha injini. Mshale ukapanda. Akazima, akaosha mikono kwa mafuta ya taa, akavaa koti. Alienda kanisani katikati ya wale wazee kama mtu aliyeshikwa na polisi. Kipete kilibaki juu ya madigadi.

Nilikiokota kesho yake kwenye nyasi, lori ikiwa imeshatoka. Nilidhani ni mabaki ya tyubu. Kilinitosha kidole gumba, nikakivaa.

Zile geji zilifanya kazi vizuri kwa muda. Baba alizisifu kwa kila mtu, na bado alivua kiatu cha kushoto, kwa mazoea. Kisha siku moja, akiwa amejaza mawe na anateremka kwenda mto Ndarugo, mrija wa oili ukakatika. Tuliambiwa na Wafula, taniboi wake aliyemsaidia kupakia na kupakua, mtu mzima mwenye watoto huko kwao magharibi, ambaye aliruka akapona. Alisema oili ilimrukia Baba mapajani na kwenye ule mguu ulio wazi. Alipiga kelele, miguu yake ikatoka kwa pedeli. Aliporudisha mguu wa breki, ukateleza, maana pale chini kote kulikuwa oili. Lori ikaacha barabara ikagonga ukingo. Mawe yakaja mbele.

Sitasema zaidi. Kiatu cha kushoto tuliletewa kikiwa kizima, kipya vile vile.

Kwenye mazishi Mzee Ezekieli alisimama na kusema kwa ile sauti yake ya chini, "Tusifiche. Mrija uliokatika ni ule uliofungwa Jumapili." Watu wakaitikia. Mama akaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya shimo nikizungusha kile kipete kidoleni, nami nikaitikia.

Nimeishi na maneno hayo mpaka nikazeeka. Sikusoma sana, na hilo ndilo somo nililolishika kuliko yote. Watoto wangu hawakushika jembe Jumapili, wala spana, wala sindano ya kushonea kifungo. Aliyejaribu alinijua. Nilimwogopa Mungu vile mtu anaogopa mbwa aliyemuuma mwenzake.

Sasa nirudi kwa ile Jumamosi iliyopita. Karanja alimaliza kutoboa, akapuliza vumbi la chuma, akatoa kwa pakiti kitu kidogo cheusi na kukisukuma ndani ya tundu kwa kidole. Nilisimama. Nikaenda mpaka mlango wa lori, na goti langu hili bovu, nikamuuliza hicho ni cha nini.

"Ni mpira tu, Shosho. Lori ikitembea si inatetemeka? Bila mpira, hiyo bati inakata waya kidogo kidogo, kama msumeno. Unaweza kaa hata miezi hujui."

"Na kama si waya? Kama ni mrija wa shaba?"

"Zile za zamani? Hizo ndio mbaya. Oili inakumwagikia." Akacheka. "Kwani unataka kunipokonya kazi, mke wangu?"

Sikucheka. Nilishika mlango wa lori mpaka kile kidole gumba kikaniuma. Kumbe ni hivyo. Kazi ya Baba haikuwa mbaya kwa sababu ya siku. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja, kile kipete cha mpira, na alikuwa ameshakikata, kiko karibu na mkono wake. Walimharakisha, kisha wakaja kumzika wakasema ni Mungu.

Na Mama? Hatukuwahi kuongea juu ya jambo hilo, na ameshaenda. Lakini nimekumbuka kitu ambacho nilikuwa nakiona kama uchovu wa ujane. Baada ya Baba kufa, Mama hakumharakisha mtoto tena kwenda kanisani. Tulifunga viatu polepole, tukachelewa kila Jumapili, naye amesimama mlangoni anangoja.

Jua lilianza kushuka. Geji ya pili ilikuwa bado, na Karanja akaanza kukimbizana na kazi, anaangusha spana, anaokota, kwa sababu anaijua sheria yangu na anajua kesho yake ni siku gani. Nikamwambia aache.

"Nimebakisha kidogo tu, Shosho. Kesho ni Sunday."

"Najua kesho ni nini," nikamwambia. "Hiyo nyingine utafunga kesho asubuhi, ukiwa umelala vizuri. Mimi nitakaa hapa na wewe. Sasa nawa mikono uje ule."