Damien, Mtu wa Foni

Damien alizaliwa Kalemie, kando ya reli, mtoto wa fundi wa injini za treni. Alipochukuliwa jeshini mwaka 1998 alikuwa kijana mwembamba mwenye Kifaransa safi na sikio kali, na kwa sababu ya sikio hilo walimpa foni. Ndivyo Wakongo wanavyoiita redio ya masafa ya mbali, ile inayobebwa mgongoni, antena yake ikatundikwa mtini na umeme wake ukapatikana kwa kuzungusha mpini. Aliipenda kazi hiyo. Pale wenzake waliposikia mikwaruzo mitupu, yeye alichomoa neno, na nyuma ya neno akamtambua mtu: huyu ana mafua, huyu anaogopa, huyu ni yule wa jana.

Kikosi chake kiliwekwa juu ya kilima kilichotazama ziwa Tanganyika. Kwenye foni kilima chao kiliitwa Mpera, na makao makuu yaliitwa Mchikichi. Mtu wa Mchikichi alikuwa na sauti nzito, na alisita kidogo kabla ya kusema jambo lolote baya. Damien hakuwahi kumtia machoni. Waasi walipoanza kukizunguka kilima, na watu walipofikia kutafuna mihogo mibichi, Damien aliomba ruhusa kwa niaba ya wenzake washuke, maana njia moja ilikuwa bado wazi. Sauti ikasita.

"Mubaki pale," ikasema. "Musaada iko njiani."

Kesho yake aliuliza tena, akajibiwa vilevile. Njia ikafungwa. Ilipofika siku Mchikichi haikujibu kabisa, Damien alijua kwamba wakubwa wamekwisha kuhama. Kilima kilishambuliwa mchana kweupe. Aliiponda foni kwa jiwe, kama alivyofundishwa, akajitupa korongoni. Huko chini aliwasikia wenzake wakiitana, halafu hakuwasikia tena.

Alitembea mpaka Zambia, akaitupa sare porini, na baada ya miaka ya kubangaiza alifika Johannesburg. Yeoville ilijaa watu wa kwao, wa kutoka kila upande wa vita ile, na Damien aliona upesi kwamba askari wa zamani hapendwi na mtu. Yule aliyeuawa nduguye hakuulizi ulibeba foni au bunduki. Akafunga mdomo. Hata Jocelyne, msusi kutoka Uvira aliyemwoa, alimwambia tu kwamba zamani alitengeneza redio. Walipata mtoto, Chris, aliyesikia Kiswahili chao vizuri lakini akawajibu kwa Kizulu.

Basi akaishi hivyo, katikati. Kurudi Kongo hakuthubutu, kwani huko alihesabika askari mtoro. Hapa nako kibali chake cha ukimbizi kilirefushwa vipande vipande, na kila mara alitoka ofisini akiwa mgeni uleule aliyeingia. Mwaka 2015, wageni walipoanza kupigwa mitaani, yeye, Jocelyne na mtoto walijifungia ndani ya saluni alimosukia Jocelyne, mlango wa bati umeshushwa, wakila mikate mikavu na kusikiliza nyayo za watu nje. Mwezi uliofuata wateja walirudi kusuka kama kwamba hapakutokea kitu.

Baadaye alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala la vigae huko Jeppestown. Mlinzi wa zamu alifungiwa ndani: bosi wa zamu alitia kufuli kwa nje na kuondoka na ufunguo, eti walinzi wasitoroke kwenda kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, kununua chakula. Damien alizunguka humo kati ya ukuta na ukuta, juu yake seng'enge ya wembe, na kila baada ya muda akabonyeza redio yake ya mkononi kuripoti kwenye chumba cha kamera mjini, ambacho walinzi wote walikiita kontroli. Kwa amri ya kampuni, hewani kilizungumzwa Kiingereza tu.

Mwanzoni mwa 2019 kontroli ilipata mtu mpya. Siku ya kwanza Damien alisikia neno moja tu, akaisogeza redio karibu na sikio. Alijiambia amezeeka, masikio yanamchezea. Lakini siku zilizofuata alisikia kule kusita kidogo kabla ya habari mbaya, pale mtu huyo alipomwambia mlinzi mwingine kwamba likizo yake imekataliwa. Kiingereza hakikumficha. Alikuwa yule mtu wa Mchikichi.

Damien hakusema kitu, na kutosema huko kukawa kifungo kingine. Angemwuliza nini, na mbele ya walinzi wote wanaosikiliza? Akiacha kazi, wangekula nini? Ikambidi amjibu mtu huyo kutwa nzima, "Ndiyo bwana, hapa salama," kwa adabu. Nyumbani alikonda. Jocelyne alidhani ni ugonjwa, akampeleka kliniki, na kliniki hawakuona ugonjwa.

Jumatatu moja mwanzoni mwa Septemba, Jeppestown ililipuka. Damien aliona moshi wa magari yanayoungua, kisha akasikia umati ukija na fimbo, ukiimba, ukivunja duka baada ya duka. Ghala lilikuwa mali ya mgeni, na mtaa mzima ulijua. Mawe yakaanza kugonga geti. Alibonyeza redio, akaeleza hali ilivyo, akaomba wamfungulie.

Ile sauti ikasita. Kisha ikasema kwa Kiingereza abaki hapo alipo, gari liko njiani.

Damien aliegemea ukuta. Alisema baadaye kwamba wakati ule hakuwaogopa watu wa getini hata kidogo; alichoogopa ni maneno yale. Akabonyeza tena, na safari hii akazungumza Kiswahili.

"Mchikichi, hapa ni Mpera."

Jiwe likavunja kioo cha kibanda chake.

"Watu wa Mpera walikufa wote," sauti ilisema hatimaye.

"Mmoja hakufa. Sasa niambie ukweli, ndugu. Gari inakuja?"

Mara hii mtu yule hakusita. "Hakuna gari. Bosi amezima simu tangu asubuhi. Toka."

Damien akamwambia amefungiwa. Basi yule mtu akamtazamia kwenye kamera zake: mbele pamejaa, ubavuni wanakuja, ila nyuma, upande wa reli, hakuna mtu bado. Alimwongoza kwa Kiswahili, taratibu, huku walinzi wengine wakisikiliza bila kuelewa. Damien alipandisha mbao za mizigo moja juu ya nyingine, akatupa koti lake la kazi juu ya seng'enge, akapanda. Kiganja kilichanika mpaka mfupa ukaonekana. Aliangukia kwenye nyasi za reli, geti likiwa tayari linalia kwa kukunjwa. Akafuata reli akiwa na fulana tu, kama mtu anayetoka kazini, na hakuna aliyemsimamisha.

Ghala liliungua lote. Kampuni iliwafukuza kazi wote wawili, mmoja kwa kuacha lindo, mwingine kwa kumruhusu.

Wiki chache baadaye mwanamume mnene mwenye miwani aliingia saluni kwa Jocelyne, akasalimu, akauliza kama hapo ndipo kwa Papa Chris, jina la Damien pale mtaani. Damien, mkono ungali kwenye bandeji, aliinuka kabla mgeni hajamaliza kusema. Mtu huyo alijitaja: Joël, anakaa Joubert Park. Alikataa kiti. Alieleza kwamba siku zile za Mpera koloneli alisimama nyuma ya mgongo wake akimwamuru la kusema, na magari ya wakubwa yalikuwa yamekwisha kupakiwa mizigo nje. Aliambiwa watu wa kilimani wakiendelea kuwashughulisha waasi, wakubwa watapata nafasi ya kuondoka. Mpaka leo hakujua hata waliokuwa kule ni akina nani.

"Niambie majina yao," alisema.

Damien alitaka kumfukuza. Badala yake akaanza kutaja: Bakiri aliyezungusha mpini wa umeme, Fiacre aliyeogopa radi, sajini mzee aliyewagawia muhogo wake. Alizungumza mpaka sauti ikakauka, na Joël alisikiliza amesimama, akilia bila kujipangusa. Alipoomba msamaha, Damien alimjibu kwamba huo si wake peke yake kuutoa, na wenye nao wamebaki kilimani.

Hapo tu ndipo alipokumbuka kwamba Jocelyne yupo. Vidole vyake vilikuwa vimesimama katikati ya nywele za mteja.

Joël alipokwisha kwenda, na mteja alipokwisha kusukwa na kulipa, Jocelyne alifagia sakafu yote, polepole, pembe hadi pembe.

"Papa Chris," alisema, "kaka yangu aliuawa na askari. Unajua."

"Najua."

"Na ukanyamaza."

Jocelyne hakupiga kelele, wala hakumfukuza. Kodi ya chumba ilikuwa ya wote wawili, na mtoto alikuwa wa wote wawili, na nje polisi walikuwa bado wanazunguka mitaa. Alimpisha Damien njia ya jikoni kama mtu anavyompisha mpangaji. Kuanzia siku hiyo walilala kila mmoja akielekea ukuta wake, na ilipoisha Desemba Jocelyne alikuwa amemwuliza swali moja tu juu ya kilima kile: kama kulikuwa na baridi. Damien alimjibu kwamba ilikuwa kali, hasa alfajiri, naye akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja nguo.