Mwalimu wa sayansi alimpaka mwanafunzi mmoja manjano, rangi ikaja kunikamata mimi mpishi wa uji

Salaam wakuu. Hiki kisa ni changu mwenyewe, cha kipindi cha korona. Sitatia chumvi, na nisipokuwa na hakika nitasema.

Niliishia darasa la saba, wasomi mnirekebishe taratibu.

Nilikuwa napika uji shule moja ya msingi huku Chumbageni, Tanga.

Shule zilipofunguliwa, Mama Rehema wa kamati ya shule akataka uji usitishwe. Niseme haki: hakuwa na roho mbaya, mwanawe ana pumu. Kamati ikaamua kuja Ijumaa kukagua. Jiko likionekana si salama, uji basi, na mpishi basi.

Mie wala sikuogopa. Nilikuwa na ndoo ya koki mlangoni, na sabuni. Wale wadogo koki iliwashinda, kwa hiyo nawafungulia, wakimaliza nawafungia, kisha naingia kugawa uji.

Nilijiona daktari kabisa.

Jumatano, Mwalimu Zuhura alikuwa anafundisha darasa la tano jinsi ugonjwa unavyosambaa. Kumbe asubuhi alimpaka mwanafunzi mmoja, Saumu, manjano ya kupikia yenye mafuta ya nazi viganjani, akamwambia acheze kama kawaida. Wengine hatukuambiwa.

Baada ya uji, darasa zima likatoka kufuata rangi kama wanasaka mwizi. Kitasa cha mlango, njano. Kamba ya kurukia, njano. Wakafika jikoni.

"Shikamoo babu. Tuoneshe mikono."

Nikanyoosha huku nacheka. Wakuu, viganja kama nimetoka kumsinga bibi harusi kwa manjano! Upawa nao njano. Vikombe sikuhesabu.

"Babu ndo korona!" mmoja akapiga kelele. Wakaangua kicheko. Nikacheka nao.

"Saumu hakumgusa babu," mwalimu akasema. "Imefikaje?"

Akajibu Saumu mwenyewe:

"Koki! Nimeifungua na mikono michafu, nikanawa, nikaifunga ileile. Halafu babu akaishika."

Hapo nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake watoto wakatengeneza kibuyu chirizi: dumu lenye tundu, kamba, na kijiti cha kukanyaga. Unanawa bila kushika kitu.

Ningeweza kunyamaza, kamati ione dumu tu. Niliwaza hivyo, sikatai.

Ijumaa nikasema yote.

Mama Rehema akanikodolea macho. "Kwa hiyo ulikuwa unawapaka wanetu?"

"Ndiyo mama. Kwa mikono hii hii."

Mwalimu Zuhura akampaka yeye manjano. Mama Rehema akakanyaga kijiti, akanawa kwa sabuni mpaka povu likawa jeupe. Watoto wakakagua kijiti, kamba, dumu. Safi! Kisha akaigeuza mikono yangu, mbele na nyuma, kama ananunua samaki.

Akachukua kikombe. "Mimina."

Akanywa, sote tunamtazama mdomoni.

"Mikono safi," akasema. "Ila sukari unabana, babu."

Uji ukaendelea, na mimi nipo mpaka leo.

Nilichojifunza: unaweza kuwa unasambaza uchafu kwa huruma kabisa, na usijue mpaka mtu akupake rangi. Sina hakika kama ningekiri watoto wasingekuwepo.

Nyie kwenu, korona iliwafundisha nini shuleni? Waliopaka wenzao manjano na waliopakwa, wote karibuni.