Asubuhi Niliyomficha Punda

Nilimficha punda. Nakiri mwanzo kabisa, msije mkanidhania mtu wa maana kisha mkasikitika katikati. Nilimfungua kamba kabla ya adhana ya alfajiri, nikamkokota hadi gofu lililo nyuma ya nyumba yetu hapa Langoni, na kwa kuwa kamba niliisahau, nikamfunga kwa mkanda wangu wa shule. Kisha nikarudi kitandani, nikajifunika gubigubi kama maiti mwema.

Punda hakunikosea. Aliyenikosea ni mwenye punda, mtoto wa mama mdogo. Tulizaliwa juma moja, yeye akanitangulia siku tatu, na mama huzitaja siku hizo kana kwamba jamaa alizitumia kusoma. Akishaswali alfajiri, humpakia punda ndoo za mahamri ya mama, akazishusha gatini kwa abiria wa boti ya Faza. Kisha huwapelekea mafundi wanaojenga nyumba mchanga wa kuanzia kazi. Kisha huoga, na kengele ya shule humkuta ameketi, shati limepigwa pasi. Mimi kengele hunikuta nikitafuta kiatu cha pili.

"Yule, saa haimpotei," mama husema, hata mbele ya wageni.

Nilitaka aniseme mimi hivyo, mara moja tu, hata kwa bahati mbaya. Nikikaa barazani na simu nilijiuliza: yeye ana saa ishirini na nne, nami vilevile, mbona zake zinazaa na zangu zinachacha? Basi nikaona, na achelewe siku moja, tumwone.

Alichelewa. Nikiwa chini ya shuka nilimsikia akikimbia vichochoroni akimwita punda wake kama anamwita mtoto. Mama akajitwika ndoo moja, akafika gatini maji yameanza kupwa na boti ya Faza imeshaondoka, maana ingengoja ingekwama mkondoni. Abiria walikwenda na njaa. Mafundi watatu walikaa juu ya mawe wakipiga soga, na mwenye nyumba akizunguka akisema, "Mabwana, leo mwajenga kwa midomo?" Mwalimu wetu, ambaye hununua mahamri ya mama gatini kila asubuhi, aliingia darasani tumbo tupu akatupa mtihani wa ghafla. Nilipata sufuri. Yaani nilichezea saa ya mtu mmoja, ikanirudia mimi mwenyewe kwenye hesabu.

Mwenzangu aliingia katikati ya mtihani, jasho linamtiririka. Nikajiandaa kucheka.

"Keti, mwanangu," mwalimu akamwambia. "Wewe ukichelewa, pana jambo."

Mwanangu! Mimi nikichelewa hupigishwa magoti. Hata kuchelewa alinishinda.

Alipopita dawati langu akaniangushia mkanda mapajani. "Shika, suruali isije ikakuaibisha," akaninong'oneza. "Punda alilia mwenyewe kwenye gofu. Mama mkubwa nimemwambia alikata kamba."

Wivu ulinikaba zaidi. Jamaa alikuwa amenishinda kuamka, amenishinda kuchelewa, na sasa ananishinda hata kusitiri aibu yangu. Ningemwachia na hilo, asingenibakishia kitu.

Kwa hiyo jioni nikaenda jikoni. Mama alikuwa akikanda unga wa kesho, na mahamri ya asubuhi yamejaa ndoo, yamekauka, hakuna wa kuyala. Nikamwambia yote: gofu, mkanda, na saa niliyotoka kitandani. Nikamwambia pia sababu, kwamba nilichoka kumsikia akisifiwa yeye.

Hakunipiga. Aliufunika unga kwa kitambaa, akajifuta mikono taratibu, akanitazama hadi nikaanza kuhesabu vigae.

"Kumbe kuamka kabla ya adhana waweza," akasema. "Basi kesho amka saa iyo iyo, ndia ya gatini waijua, ndoo utabeba wewe kichwani, na punda umwate alale."