Fimbo Niliyokimbia Nayo

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya reli, reli yenyewe sikuigusa. Chef de gare, yaani mkubwa wa kituo, aliniketisha ndani ya bureau, ofisi yake, mbele ya meza yenye treni ndogo za mbao, akaniambia nipishanishe mbili kwenye njia moja bila kuzigonganisha. Nilizigonganisha mara nne. Nilikuwa kijana Munande kutoka Musienene. Kwetu tulijua maharagi na viazi, treni nilikuwa sijaiona.

"Utarudilia kesho," akasema. "Treni ya mbao hapana kuua mutu."

Njia yetu ilikuwa moja tu, nyembamba, ikipita porini upande wa Mungbere. Donc kila kipande kati ya gare mbili kilikuwa na fimbo yake, kijiti chekundu chenye bamba la shaba lililoandikwa jina la kipande hicho. Fimbo ni moja, ya pili hakuna. Masinisti, yule anayeendesha treni, haruhusiwi kuondoka kabla hajaishika kwa mkono wake mwenyewe. Akiwa nayo, anajua hakuna treni nyingine mbele yake. Mkubwa wangu alitukaririsha hayo kila asubuhi: "Hatari ikikuya, kwanza fimbo. Makaratasi iungue, fimbo hapana."

Nilianza kama aiguilleur, ndiye anayevuta mkono wa chuma pale reli inapogawanyika ili treni iende kushoto au kulia. Baadaye nikawa msaidizi, mwishowe chef de gare mwenyewe, kwenye gare ndogo, na ile meza ya mbao nikairithi. Juu yake nilimfundisha Anzelemi. Sikupata masinisti mwingine kama yeye, na kwa sheria alikuwa na kichwa kigumu kunishinda mimi. Siku moja nilimtumia fimbo kwa mkono wa mtu mwingine, akakataa kuondoka mpaka nije nimpe mwenyewe. Nilicheka, mais moyoni nilijivuna.

Vita ya kwanza ilitukuta hivyo. Asubuhi ile treni ilikuwa imejaa familia zinazokimbia, Anzelemi yuko juu ya mashine, mashine inanguruma. Risasi zikasikika upande wa soko. Nikafanya nilivyofundishwa: nikafungua droo, nikatia fimbo ndani ya koti, nikaingia porini. Niliwaza, bila fimbo askari hawataweza kuiba treni. Ona ujinga wangu. Askari anajua fimbo ni kitu gani? Pale palikuwa na mtu mmoja tu mwenye haja nayo, na njia ya mbele ilikuwa tupu, sote tulijua.

Niliporudi siku ya tatu, treni ilikuwa palepale. Abiria walikuwa wameruka na kukimbia. Anzelemi alikuwa amekwisha kuzikwa kando ya tangi la maji. Aiguilleur wangu aliniambia kwamba walimsihi sana aondoke, naye alijibu neno moja tu: "Nangoja."

Nilitembea kwa miguu mpaka Beni, kisha Butembo, fimbo nikaificha juu ya dari. Mjane wa Anzelemi, Mama Kanyere, alikuwa amekimbilia Beni na watoto. Tulikutana kwenye matanga, kwenye misa, tukasalimiana vizuri. Kila mara nilisema leo nitamwambia. Niliogopa, basi.

Vita ya pili ilipotufungia barabara ya shambani, nilikaa bure nyumbani, hapa Mususa, mtaa wa Butembo, nikairudia kazi ya meza. Nilichukua mlango wa zamani nikaulaza juu ya matofali. Spoki za baiskeli zikawa reli, vipande vya mwanzi chini yake, mkebe wa sardini ukawa mashine, na mota nikaitoa kwenye redio ya kaseti iliyokufa. Mke wangu Masika akapita na beseni lake.

"Muzee, batu batasema umerudi mutoto."

"Baseme."

Nilitengeneza gare yangu ile, na droo yake, na tangi la maji. Halafu nikaishusha fimbo, nikailaza ukingoni. Ilikuwa ndefu kuliko treni nzima.

Siku moja Mama Kanyere alikuja kumwona dada yake wa Bulengera, mtaa wa jirani, akapita kutusalimia. Akasimama mbele ya meza muda mrefu.

"Hii ni kule kwetu," akasema. "Mais juu ya nini haitembee? Iko inangoja nini?"

Nikamwambia yote, droo, koti, pori. Yeye aliketi.

"Kumbe alikuwa anangoja fimbo," akasema. "Papa, miye nilichelewa. Nilirudia nyumbani kutoa sufuria na nguo ya batoto. Tulifika gare, mambo imekwisha. Hii miaka yote najua ni miye ndiye alikuwa anangoja. Batoto pia banajua vile. Ni miye nilibaambia."

Nilidhani kunyamaza kwangu kulinilemea mimi peke yangu.

Akaichukua fimbo, akaifunga ndani ya kitenge. "Nitabaonesha batoto," akasema, akatoka kutafuta pikipiki ya kumrudisha Beni. Hakuniaga.

Vijana wanaokuja kunitazama siku hizi wananiomba niitembeze treni. Mota ni nzima, mawe ya redio, zile betri, ni mapya. Ninawaeleza kwamba masinisti haondoki bila fimbo, na fimbo iko Beni, kwa wenyewe.